Wanatuambia tule kidogo: kidogo ya nini?

Bandugu wa promosheni zote, na ninyi wadogo ambao bado mnakaa mu auditwari, leo nakosoa neno moja linalotembea sana mu telefone zetu: «Kula kidogo, utaishi miaka mingi.» Linakuja na sura nyingi. Mara ni video ya mtu wa blouse nyeupe anaongea Kifaransa cha haraka, mara ni audio ndefu ya mtu asiyejitambulisha, mara ni picha ya mzee wa Japani anacheka. Kwa wengine kati yetu limekuwa hata fahari. Unamwuliza rafiki saa sita kama amekula, anakujibu: «Mi saa sita sikulaka tena, niko ku jeûne intermittent.» Unajua kabisa kwamba hana hata franka mfukoni, naye anajua kwamba unajua, lakini mnaiacha hivyo juu ya heshima.

Zamani jambo hili lilikuwa na majina mengine. Watu wa Kinshasa walisema «gong unique», kengele moja ya chakula kwa siku. Walisema pia «délestage», kama vile umeme: leo wanakula wakubwa, kesho wanakula wadogo. Majina hayo yalikuwa ya uchungu na ya kuchekesha, lakini yalisema ukweli. Jina jipya njo linanisumbua, juu linageuza njaa kuwa shauri la afya. (Kufunga kwa imani ni jambo lingine, sitaligusa hapa.) Ninalikosoa neno hili kama neno linalojiita la sayansi, na nitaanzia kwenye sayansi yenyewe.

Mimi ni mtu wa agronomia, si daktari. Lakini nakaa Cimpunda, mu komine ya Kadutu, kule nyumba zimepanda juu ya nyumba mpaka hakuna mahali pa kuotesha hata kitunguu. Naona sahani za majirani kwa sababu milango inaangaliana. Asubuhi ni chai ya sukari, na mkate kama uko. Magharibi ni bugali ya muhogo, pembeni sombe au fretini kidogo za kunukisha. Tangu mabenki yalifunga milango mu Februari 2025, fretini zenyewe zimekuwa za kuhesabia vidole. Siku moja nilimweleza mama jirani habari ya hao wataalamu wanaosema tule kidogo. Akaangalia sufuria yake, akacheka: «Siye tunakulaka mara moja tu ku siku. Basi siye njo tutaishi miaka mia?»

Swali la huyu mama ni zuri kuliko video zote. Nataka kulijibu taratibu.

Neno hili halikuzaliwa mu WhatsApp. Mwaka 1935, mu chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, Clive McCay na wenzake walitoa kazi yao juu ya panya. Panya waliopewa chakula kidogo walikua polepole, lakini baadaye wengi wao waliishi kuliko wale waliokula mpaka kushiba. Tangu hapo maabara nyingi zimerudia jambo hilo kwa wanyama mbalimbali, na mara nyingi matokeo yalifanana. Sikatai. Ni kazi nzuri.

Ila kuna kitu ambacho video hazikisemi kamwe. McCay alipunguza kalori peke yake. Protini, vitamini na madini, hao panya walipewa kwa uangalifu mkubwa. Sahani yao ilikuwa ndogo, lakini haikukosa kitu. Kanuni hiyo imebaki mpaka leo mu kazi zote za namna hii: punguza nishati, usipunguze kitu kingine. Sasa angalia bugali ya muhogo na chai ya sukari. Kwetu kinachopungua kwanza ni maharagi, samaki, majani, mafuta. Nishati njo inabaki ya mwisho, juu ndiyo ya bei rahisi. Yaani tunafanya kinyume kabisa cha jaribio, halafu tunajipa jina lake.

Kazi ninayopenda zaidi ni ile ya nyani, juu yake njo ugomvi ulitokea. Marekani kulikuwa na makundi mawili ya nyani wa aina ya rhesus. La kwanza lilianza 1987 chini ya taasisi ya serikali inayochunguza uzee, inaitwa kwa kifupi NIA. La pili lilianza 1989 mu chuo kikuu cha Wisconsin. Pande zote mbili, nyani wengine walipunguziwa chakula kwa karibu asilimia 30, na wengine waliachwa wa kulinganisha. Nyani hawa wanaweza kupita miaka 30, kwa hiyo watafiti wenyewe walizeeka pamoja nao.

Mu Julai 2009 watu wa Wisconsin walitangaza: waliopunguziwa chakula wanakufa kidogo kwa magonjwa ya uzee. Hata kisukari hakikuwapata, wakati kati ya wale wa kulinganisha kadhaa walikuwa nacho au walikuwa njiani kukipata. Magazeti yalionyesha picha ya nyani wawili: Canto, miaka 27, aliyekula kidogo, manyoya yake yanang'aa, na Owen, miaka 29, aliyekula kwa kushiba, amejikunja kama mzee wa kijiji anayengoja jua. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Mpaka leo ukipokea video juu ya kula kidogo, mara nyingi kuna nyani mmoja wa Wisconsin amejificha nyuma yake.

Miaka mitatu baadaye, 2012, kundi la NIA likatoa matokeo yake mu gazeti la Nature. Nyani wao waliokula kidogo hawakuishi kuliko wenzao. Kupunguza chakula ni kule kule, nyani ni wa aina moja, lakini jibu lilikuwa tofauti. Bon, hapo njo kichwa cha mtu wa agronomia kinaamka, juu siye ukituambia mashamba mawili yametoa mavuno tofauti kwa mbegu moja, tunauliza kwanza: udongo ulikuwa gani?

Udongo wa hawa nyani ni chakula chao. Kule Wisconsin walipewa chakula kilichotengenezwa mu maabara kwa vipande vilivyosafishwa: protini ya maziwa, mafuta ya mahindi, na sukari ya mezani asilimia 28 na nusu. Zaidi ya robo ya chakula ni sukari! Kule NIA chakula kilitoka ku vitu vya asili: ngano, mahindi, soja, samaki, alfalfa. Sukari ya mezani haikufika hata asilimia 4. Tena, nyani wa kulinganisha wa Wisconsin waliachwa wale jinsi wanavyotaka, wale wa NIA walipimiwa.

Soma tena hiyo orodha ya NIA: mahindi, soja, samaki. Kwa mtu wa Bukavu hiyo ni karibu uji wa masoso na fretini juu yake. (Nyani wa serikali ya Marekani anakula vizuri kuliko mwalimu wa sekondari wa Kadutu, lakini tuliache hilo.)

Maelezo ninayoona mazito zaidi ni haya: ukila chakula kibaya, kukila kidogo kunakuokoa na sehemu ya ubaya wake. Ukila chakula kizuri kwa kipimo, kukipunguza zaidi hakukuongezei mengi. Lazima niwe mwaminifu hapa. Mwaka 2017 makundi yote mawili yaliandika pamoja, na hawakusema kwamba kupunguza kalori ni bure. Walisema kunasaidia afya ya nyani, na tofauti zao zinatokana na umri wa kuanza, na chakula chenyewe, na namna ya kuwalisha wale wa kulinganisha. Kwa hiyo anayesema «sayansi imeonyesha kula kidogo hakusaidii» anadanganya pia. Lakini ubora wa chakula hapo si kitu cha pembeni. Njo ulioamua kama kupunguza kutaonekana au hakutaonekana.

Na kwa watu? Kuna jaribio la Marekani linaloitwa CALERIE, la miaka miwili, kwa watu wazima zaidi ya 200 wenye afya, ambao hawakuwa wanene kupita kiasi. Waliombwa kupunguza kalori kwa asilimia 25, wakafikia karibu asilimia 12. Presha na mafuta ya damu vilienda vizuri. Sawa. Lakini walifuatwa na wataalamu muda wote, na walipewa vidonge vya vitamini na kalsiamu. Mtu anayekosa chakula cha saa sita mu Cimpunda, vidonge vyake viko wapi?

Mzee wa Japani naye tumtendee haki. Kule Okinawa kuna desturi ya kuacha kula wakati tumbo limejaa sehemu 8 kati ya 10. Ni kweli, na wazee wa huko wamejulikana kwa kuishi miaka mingi. Video inasimama hapo. Haisemi kwamba sahani yao ya zamani, kabla na mara baada ya vita ya pili ya dunia, zaidi ya nusu ya kalori zake zilitoka ku viazi vitamu, pamoja na majani, soja na samaki kidogo. Mtu wa Walungu au Kabare akiisikia hiyo hadithi hatashangaa hata kidogo. Atasema: kumbe ni chakula cha nyumbani kwetu. Ni kweli, ni chakula cha nyumbani, kile ambacho mjini tumekibadilisha kwa unga mweupe na sukari.

Sasa tuache nyani na Wajapani. Sayansi ya kula vibaya, siye tunayo hapa hapa, na ni ya zamani. Kwa Mashi tuna neno: bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka, anakataa kucheka. Mu 1935, mwaka ule ule wa panya wa McCay, daktari Cicely Williams aliyefanya kazi Ghana alitangaza kwa madaktari jina kwashiorkor, neno la Kiga, ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Bibi zetu hawakumngoja, jina walikuwa nalo. Na Bukavu tuna Comité Anti-Bwaki, kazi iliyoanza mu miaka ya 1960. Ni shirika zima lililobeba jina la ugonjwa wa sahani.

Bwaki inafundisha kitu ambacho mzani hauoni. Mtoto wa bwaki si lazima awe amekosa chakula kabisa. Wengi tumbo lao lilikuwa na bugali, ndizi, uji mwepesi wa muhogo. Wengine wanavimba mpaka mtu asiyejua anasema mtoto amenona. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu yake yote: protini, vijidudu vya tumboni, maambukizi. Lakini hakuna anayebisha kwamba unga wa muhogo peke yake ni sahani maskini. Unga wa muhogo mkavu una protini karibu asilimia 2 tu, wakati maharagi makavu yana zaidi ya 20. Ukimpa mtoto uji wa muhogo mara tatu kwa siku umemshibisha, na umemnyima.

Kuna kazi moja natamani kila mtu anayetuma zile video aisome kwanza. Hospitali ya Lwiro, upande wa Kabare, imetibu watoto wa utapiamlo kwa miaka mingi. Watafiti wa hapa Bukavu, wa Université Catholique, pamoja na wenzao wa Université libre de Bruxelles, walichukua daftari za watoto waliolazwa kule kati ya 1988 na 2007. Wakaenda kijiji kwa kijiji kuwatafuta, sasa ni watu wazima, na kuwalinganisha na majirani wao ambao hawakuugua hivyo. Tangu 2020 wamekuwa wakitoa matokeo. Waliopona ni wafupi zaidi. Wachache zaidi kati yao walifika mbali mu masomo. Na hapa njo pa kusimama: tumbo lao ni pana zaidi ukilinganisha na urefu wao, na hatari ya ile hali inayounganisha presha, sukari na mafuta ya damu ni kubwa zaidi kwao.

Tafakari kidogo. Magonjwa yale yale ambayo video inasema utayakimbia kwa kula kidogo, watu hawa wanayakaribia kwa sababu walipokuwa wadogo sahani yao ilipungukiwa. Na si wazee wa zamani. Mtoto aliyelazwa Lwiro mwaka 2000 leo ana umri wetu. Ni wa promosheni yetu. Pengine ulikaa naye ku benchi moja, ukasema ni mvivu.

Kuna hadithi nyingine mu ziwa letu. Kisiwa cha Idjwi kilikuwa kati ya mahali palipochunguzwa sana duniani juu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Wabelgiji Delange, Thilly na Ermans, na wenzao wa IRSAC kule Lwiro, waliona jambo la ajabu tangu miaka ya 1960. Kaskazini ya kisiwa rovu ilikuwa imejaa. Kusini-magharibi watu wenye rovu walikuwa wachache, ingawa iodini ilikosekana pande zote mbili. Ukosefu wa iodini peke yake haukutosha kueleza. Walipofuata sahani walikuta muhogo. Muhogo una sumu ya sianidi, na mwili unaigeuza kuwa kitu kingine, tayosianati, ambayo inazuia iodini isiingie mu tezi ya shingo. Mwaka 1980 kituo cha utafiti cha Kanada, IDRC, kilitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, na kati ya waliokihariri kuna Mkongomani, Mbulamoko.

Na ili mwili uweze kuigeuza ile sianidi, unahitaji salfa inayotoka ku protini. Mwenye maharagi na fretini anayo. Mwenye muhogo mtupu hana. Njo maana konzo, ugonjwa unaopooza miguu bila kurudi nyuma, unapiga pale muhogo mchungu haukulowekwa vizuri na hakuna cha kuusindikiza. Siye tulisoma konzo kama jambo la Bandundu, kule Kahemba. Mu 2011 kazi moja ilitangaza konzo hapa Kivu ya Kusini, Burhinyi, mu Mwenga. Vita ilikuwa imefukuza watu ku mashamba, mifugo ikaibwa, muhogo ukabaki peke yake. Kipande kidogo cha samaki kingeweza kuwa tofauti kati ya mtu anayetembea na mtu anayetambaa. Si swali la kalori hilo.

Mfano wa mwisho ni wenu, wanafunzi, hasa madada. Vuka Ruzizi, pita msitu wa Nyungwe, utafika Huye. Mu chuo kikuu cha kule walifanya jaribio na wanafunzi wanawake 195, wa miaka 18 mpaka 27, wote wenye akiba ndogo ya chuma mwilini. Nusu walikula maharagi ya kawaida, yenye miligramu kama 50 za chuma kwa kilo. Nusu walikula maharagi yaliyozalishwa kwa ajili ya chuma, yenye kama 86. Siku 128. Sahani ni ile ile, hakuna aliyeambiwa ale zaidi wala apunguze. Matokeo yalitoka 2016: damu ya wale wa maharagi ya chuma ilipanda kuliko ya wenzao. Mwaka uliofuata ikatoka kazi ya pili juu ya wanafunzi hao hao: kumbukumbu na umakini wao vilikuwa vimeboreka.

Nimewaona madada wakianguka mu mstari wa kungoja mtihani. Watu wanasema ni stress, wengine wanasema ni majini. Mimi nauliza alikula nini mwezi mzima, na baada ya kula alikunywa nini, juu chai ya rangi ukiinywa pamoja na chakula inafunga njia ya chuma. Ukimwambia dada kama huyo kwamba kukosa chakula cha saa sita kutamwongezea miaka, umemfanyia ubaya kwa maneno mazuri.

Hapa lazima nigeuke kwa wenzangu wa agronomia, juu siye pia tuna neno letu, na ni ndugu wa lile ninalolikosoa. Wao wanasema: pungua, pungua. Siye tunasema: ongeza, ongeza. Fungua mémoire kumi za lisansi, ukurasa wa matokeo utakuta tani kwa hektari. Aina hii ya muhogo imetoa tani ngapi, mbolea ile imeongeza asilimia ngapi. Ni sawa, njaa ya kweli iko, na shamba lisilotoa halilishi mtu. Lakini tani ya muhogo na tani ya maharagi si tani moja. Tunawapa watu mizigo, halafu tunashangaa Lwiro haikosi wagonjwa. Mwenye video na mwenye tani wote wawili wanapima uzito wa sahani, hakuna anayeinua mfuniko.

Na kuinua mfuniko hakuhitaji mali mingi kama tunavyofikiri. Mahindi yanakosa kitu ambacho maharagi yanacho, na maharagi yanakosa kitu ambacho mahindi yanacho. Vikikaa mu sufuria moja protini inakamilika. Mawese mekundu yana vitamini A, lakini tukiyaunguza mpaka yanakuwa meupe, kama wengi wanavyofanya, tumeichoma yote mu moshi. Lengalenga bila mafuta, mwili unapoteza sehemu kubwa ya hiyo vitamini. Sambaza ikiliwa nzima, na mifupa yake, inaleta kalsiamu. Wenzetu wanaoshughulika na bustani za magunia wanajua haya kuliko maprofesa. Nilimjibu mama jirani hivyo hivyo: asihesabu mara ngapi anakula, aangalie kwanza kama bugali iko na mwenzake. Akaniuliza bei ya huyo mwenzake. Alikuwa na haki kuuliza, na kila mpango wa lishe usiomjibu swali hilo ni mahubiri.

Juu ya bei, habari kidogo nzuri na nyingine mbaya. Maharagi yenye chuma mingi hayako Rwanda peke yake. INERA ya Mulungu, hapa Kabare, imefanya kazi juu yake miaka mingi pamoja na CIAT na HarvestPlus, na kuna wakulima wanaoyalima kwenye vilima vyetu. Yanapikwa kama mengine, yanaliwa kama mengine. Shida njo hiyo. Chuma haionekani kwa macho. Kiazi chenye vitamini A kinajitambulisha kwa rangi yake ya machungwa, lakini haragi lenye chuma linafanana na jirani yake. Yakishuka ku soko la Kadutu yanamwagwa mu gunia moja na mengine, yanauzwa kwa kopo lile lile, na mama anayeinama kuyachagua hana namna ya kujua ni yapi. Muuzaji naye hana sababu ya kuyatenga, juu hakuna anayemlipa zaidi. Mkulima akiona hivyo, msimu unaofuata anarudia mbegu yoyote aliyonayo.

Nimetafuta mu rafu za TFC na mémoire ambazo nimeweza kufikia, nikitafuta hata moja iliyofuata haragi hilo kutoka shambani mpaka mu sufuria ya Cimpunda. Nimekuta za mavuno, nimekuta za magonjwa ya majani. Anayetafuta somo la mwaka huu, hilo liko wazi. Nitamkopesha mzani wangu.